Pikapu ya Mjomba na Maradhi ya Kila Zama

Kwetu Chanzuru, wilayani Kilosa, mtoto aliyekulia jirani na pikapu ya mjomba alijua mapema kwamba injini hulipuka kwa namna mbili. Mlipuko wa juu, unaorudi kwenye kabureta kama chafya, mara nyingi humaanisha kwamba hewa imezidi petroli, au valvu ya kuingizia haifungi. Ule wa nyuma, uliokuwa ukiwatawanya kuku wa majirani, ni petroli iliyotoka kwenye silinda bila kuungua ikaja kuwakia ndani ya eksozi. Fundi wetu, mzee aliyejifunzia kazi kwenye matrekta ya mashamba ya mkonge ya Kimamba, hakugusa boneti kabla ya kuuliza: "Imelia mbele au nyuma?"

Miaka ya mwanzo ya 1980 jibu lilikuwa karibu kila mara ni platinamu, zile pointi za kukatia umeme ndani ya distributa. Nchi ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Kagera haina fedha za kigeni, na spea mpya ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Platinamu moja ilipigwa msasa mpaka ikabaki ganda, nafasi yake ikapimwa kwa kipande cha kasha la kiberiti. Kondensa ikichoka, cheche inadhoofika na platinamu inaungua upya, basi gari inamisi mlimani na kupasua eksozi mteremkoni.

Namna ya kumtafuta mgonjwa ilikuwa ya polepole, na mpaka leo sijaona iliyo bora kwa injini ile. Injini inaachwa ingurume taratibu, fundi anachomoa waya wa plagi mmoja mmoja, mkono ameuzungushia kitambaa kikavu. Mlio ukidhoofika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika hata kidogo, ndiyo hiyo. Anahamishia pale plagi ya silinda nzima: ugonjwa ukihama na plagi, umepona kwa bei ndogo, ukibaki palepale, tafuta waya, kifuniko cha distributa, na mwisho kabisa valvu. Usiku tulizima taa tukatazama nyaya. Palipovuja umeme pakaonekana buluu. Nyaya za silinda ya tatu na ya nne zikibadilishana nafasi, pikapu inatetemeka na kupiga mizinga, kwa hiyo sisi wapwa tulikaririshwa 1-3-4-2 kabla hatujajua hata kukanyaga klachi.

Mwaka 1984 wenye fedha zao nje waliporuhusiwa kuingiza bidhaa, spea zikaanza kuonekana Kilosa mjini, na kwa miaka mingi pikapu haikuwa na hadithi.

Halafu ukaja ugonjwa ambao masikio ya fundi yalikataa kuuelewa. Platinamu mpya, plagi mpya, taiming imekaa sawa, lakini asubuhi injini haishiki, ikishika inagonga ikipandisha mzigo wa mahindi, na nyuma inalipuka. Alichomoa plagi, akainusa.

"Mjomba wako anapikia au anaendeshea?" akaniuliza.

Yalikuwa mafuta ya taa ndani ya petroli. Kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo mno kuliko ya petroli, na tofauti hiyo ilitosha kumshawishi muuzaji. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi, hulowesha plagi, na yasipoungua yote kwenye silinda humalizikia kwenye eksozi. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Nadhani kodi ile ilitibu magari mengi kuliko gereji zote za Morogoro, ingawa aliyesoma kwa kibatari ndiye aliyelipia dawa.

Kati ya hayo palikuwa na badiliko lisilo na kelele. Kufikia Januari 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana na petroli yenye risasi. Kwa ubongo wa watoto ni heri tupu. Ila injini kongwe yenye siti laini za valvu ilikuwa ikikingwa na risasi ile. Bila hiyo, ikibeba mizigo mizito, siti huliwa kidogo kidogo mpaka valvu ya kutolea haifungi.

Pikapu sasa iko kwangu. Kijana mmoja mwenye mashine ya kusoma makosa ya injini alikuja akazunguka dashibodi nzima akitafuta pa kuchomeka, akaishia kuniomba nimwoneshe kabureta. Platinamu nimeiondoa nikaweka moduli ya umeme, maana kondensa za siku hizi nyingi ni bandia, hufa kabla ya kufika Mikumi. Silinda ya pili bado inamisi injini ikiwa ya moto. Nimehamisha plagi, nimebadili waya. Nilipopima kompresheni ilikuwa chini ya zote, na nilipotia oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi haikupanda, kwa hiyo si ringi za pistoni. Hedi itashuka tukishavuna, ikachongwe na kutiwa siti za chuma kigumu.