Wachoraji wa Museum Hill

Juzi mpwa wangu, anayesomea usanifu hapa Nairobi, alinionyesha tangazo kwenye simu yake: mazungumzo na msanii, jioni, jisajili mapema kwa kuwa viti ni vichache. Nikamwambia kuna wakati wasanii tuliwakuta makumbusho wakiwa kazini, tukaongea nao bila kujisajili popote. Akashangaa. "Kwani walikuwa wameajiriwa kukaa pale, Mjomba?"

Hawakuwa wameajiriwa. Kuona Trust ilianzishwa mwaka 1995 palepale kwenye Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, ikawapa wachoraji na wachongaji vijana, wengi wao hawajapitia chuo chochote cha sanaa, mahali pa kufanyia kazi na wenzao wa kuwakosoa.

Mabasi ya shule yalipanda kilima asubuhi. Watoto walianza kwa Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyekufa mwaka 1974, ambaye sanamu yake imesimama uani. Kisha wakataka kuona nyoka wanaofugwa palepale makumbusho. Waliopita karibu na karakana walisimamishwa na harufu: tapentaini, vumbi la mbao, na chai iliyochemshwa mno. Walichungulia, na hakuna aliyewafukuza.

Namkumbuka mchoraji mmoja aliyependa kukaa karibu na mlango. Alichora wanawake wa sokoni, miili mikubwa, mikono mirefu kupita kiasi. Ukimwuliza picha ina maana gani, alikurudishia swali: wewe unaona nini? Siku moja msichana wa shule ya msingi alijibu, kwa sauti ya chini, "Huyu mama amekasirika lakini hataki watu wajue." Mchoraji akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama picha yake kwa muda mrefu. Kisha akachukua brashi, akaugusa mdomo wa yule mama mara mbili tatu, watoto wakimtazama. Mdomo ukafumbika.

Mama mwingine, aliyekuja na wanawe Jumapili, alimkabili mchoraji huyo waziwazi: mbona unachora maskini halafu unawauzia wageni? Jamaa aliweka brashi chini, akamweleza bei ya rangi, kodi ya chumba chake, na kwa nini majirani zake hawakuwahi kumwomba hata picha moja. Waliongea mpaka watoto wakachoka. Yule mama hakununua kitu, wala hakukubaliana naye, ila alikaa. Katika majumba ya kuuzia picha mjini hangethubutu hata kuingia.

Wazo lenyewe halikuwa geni. Mchoraji Elimo Njau na wenzake walikuwa wamefungua nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa tangu 1965, msanii na mtazamaji wakutane. Lakini makumbusho yalikuwa na kitu ambacho hakuna nyumba ya sanaa iliyokuwa nacho: watu waliokuja kwa ajili ya nyoka.

Baadaye Kuona ikahamia kwenye maghala ya kituo cha sanaa cha GoDown, Barabara ya Dunga, kisha Kilimani. Makumbusho yakafungwa mwaka 2005 kwa ukarabati mkubwa, yakafunguliwa tena 2008 yakiwa na kumbi safi, zenye taa nzuri. GoDown nayo ilibomolewa ili ijengwe upya. Mwaka 2020 mchoraji Michael Armitage akaanzisha Nairobi Contemporary Art Institute (NCAI), na kazi inayofanyika huko ya kutunza historia ya wachoraji wetu ni ya thamani kubwa.

Hata hivyo nakereka. Mazungumzo ya siku hizi huja picha ikiwa imekwisha kukauka na kutundikwa. Msanii hupewa kipaza sauti, Kiingereza hutawala, na maswali huulizwa na watu wanaojuana. Hakuna neno la mtazamaji linaloweza tena kuufumba mdomo wa mtu pichani. Na yule mtoto wa shule ya msingi hayupo, kwa kuwa hakuna aliyemtumia tangazo.

Mabasi bado yanapanda kile kilima. Makumbusho yamtengee mchoraji mmoja meza na kivuli kwenye njia ya kwenda kwa nyoka, Jumamosi na siku za ziara za shule, na alipwe kwa saa zake.