Usafi wa Nyumba za Wageni na Afya ya Watumishi

Kwa miaka mingi nilitandika vitanda na kusugua vyoo katika nyumba moja ya wageni mjini Bujumbura. Wageni husifu shuka nyeupe na choo kinachong'aa. Ni wachache wanaomkumbuka aliyepiga magoti hapo kabla yao.

Hatari yetu kubwa ilitoka katika chupa mbili: maji ya javeli, na asidi ya kuondolea ukoga wa choo. Vitu hivyo vikichanganyika hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, karibu na uso wa anayesugua. Siku moja mwenzetu alivimimina vyote katika choo kisicho na dirisha. Tulimtoa nje akihema kwa shida, machozi yakimtiririka. Hakuwa mzembe, asidi ilikuwa imetiwa katika chupa ya soda isiyo na maandishi.

Basi, ndugu wasomaji, hata majumbani mwenu kila dawa na ikae katika chombo chake chenye jina. Itumieni moja tu, mlango ukiwa wazi, kisha suuzeni kwa maji mengi.

Tena, bei ya glavu ilikatwa katika mishahara yetu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwenye nyumba ndiye apokeaye fedha za mgeni. Glavu na azinunue yeye.