Kebo ya Nusu Bei

Wahenga walinena kuwa rahisi huvunja upishi. Methali hiyo niliifundisha miaka mingi chuoni, lakini nilipotaka kuvuta kebo ya intaneti kutoka sebuleni hadi chumbani kwa mjukuu wangu, yapata mita 30, niliisahau. Dukani nilionyeshwa kebo mbili, zote zimeandikwa Cat 6. Nikachukua ya nusu bei.

Basi masomo ya mjukuu yakawa yanakatika kila jioni. Nikamkaripia kwamba anaichezea kompyuta. Akanyamaza, kama wanyamazavyo watoto wasioaminiwa.

Fundi alipokuja aliukwangua waya mmoja kwa wembe. Nje ulikuwa mwekundu, ndani mweupe: alumini iliyopakwa shaba. Alumini haipitishi umeme vizuri kama shaba, tena hukatika upesi ikikunjwa. Akanieleza kuwa kwa nyumba kama yangu Cat 5e ya shaba tupu inatosha, kwani hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Cat 6 huweza kufikisha gigabiti 10, lakini kwa mita zipatazo 55 tu. Kumbe la kutazama kwanza si tarakimu iliyo juu ya ganda, bali shaba iliyomo ndani.

Tulibadilisha kebo, na masomo hayakukatika tena. Jioni ile nilimwomba mjukuu wangu radhi. Nilikuwa nimeuamini waya kwa maandishi yake, nikamhukumu mtoto kwa kosa la waya.