Kitabu Kipi Kipendwacho Kupita Vyote?

Kumpigia mtu kura twajua sote. Kukipigia kitabu kura ni jambo ambalo labda wengi wetu hatujalisikia. Hata hivyo mataifa makubwa yamelifanya, Afrika nayo imelifanya kwa namna yake, na sisi wa kijiji kimoja cha mkoa wa Singida tukalifanya pia, baada ya mavuno ya mwaka jana. Nataka kuwaeleza yaliyotokea na niliyoyafikiri.

Shamba la shule yetu hulimwa alizeti, kama yalivyo mashamba mengi ya mkoa huu. Mbegu zilipouzwa, kamati ya shule ikatenga fedha kidogo ya kununua vitabu vya kusoma kwa hiari, mbali na vile vya masomo. Fedha yenyewe ilitosha vitabu vichache tu, ambavyo mtu angeweza kuvibeba chini ya kwapa moja. Ndipo likazuka swali: vitabu gani? Mwalimu mwenzangu, kijana, akaleta karatasi aliyoichapisha mjini, yenye orodha ya vitabu mia vilivyo bora vya Afrika. Mzee mmoja wa kamati akaitazama juu hata chini, akasema, "Mwalimu, alizeti hii tumeipalilia sisi. Hao walioandika orodha hii walipalilia mstari upi?" Watu wakacheka, lakini swali lake si la kuchekwa. Akataka kila nyumba yenye mtu ajuaye kusoma iandike jina la kitabu kimoja inachokipenda, kisha kura zihesabiwe. Tukakubaliana, tukapeana majuma mawili. Biblia na kitabu cha nyimbo tuliviweka kando, maana havishindanishwi na vingine. Tena tungaliviacha humo, hesabu ingalikwisha siku ile ile.

Katika majuma hayo mawili nalitafuta habari za watu wengine waliofanya kama sisi, nikaona mambo ya ajabu.

Mwaka 1998 huko Marekani, wachapaji waitwao Modern Library waliwaomba wajuzi wao wachague riwaya mia zilizo bora katika lugha ya Kiingereza za karne ya 20. Wajuzi wakaweka mbele ya zote Ulysses ya James Joyce, iliyotoka mwaka 1922, kitabu ambacho wengi hukianza na wachache hukimaliza. Kisha wasomaji wa kila namna wakaruhusiwa kupiga kura zao kwa njia ya intaneti, na kura zaidi ya 200,000 zikapigwa. Orodha yao haikufanana na ya wajuzi hata kidogo. Katika vitabu kumi vya kwanza, vinne vilikuwa vya bibi mmoja aitwaye Ayn Rand, na vitatu vya bwana mmoja, L. Ron Hubbard. Waandishi hawa wawili wanao wafuasi walioshikana sana, wayapendao mafundisho yao kuliko hadithi zao. Nami sina shaka kwamba wafuasi hao waliingia katika kura ile kama watu waingiavyo uwanjani kuishangilia timu. Kura ya namna hii hupima wingi wa mashabiki, na uzuri wa kitabu hubaki nje ya mizani.

Waingereza walipofanya yao mwaka 2003, kwa kusimamiwa na BBC, kura zilikuwa kiasi cha 750,000, na kilichoshinda ni The Lord of the Rings cha J. R. R. Tolkien, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu. Hadithi ndefu ya nchi isiyokuwapo, iliyotoka katika miaka ya 1954 na 1955. Wajuzi wengine walinung'unika. Mimi naona Waingereza walisema kweli yao, wala hapana haja ya kuwaonea haya.

Sasa nije kwenye ile karatasi ya mwalimu kijana. Wazo lake lilitolewa na mtu wa pwani yetu, Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, katika maonyesho ya vitabu ya Harare mwaka 1998. Watu wa nchi zote za Afrika waliombwa wataje vitabu vya Waafrika vya karne ya 20. Kisha waamuzi, chini ya Profesa Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini, wakachagua mia, na katika hivyo mia wakateua kumi na viwili vya mbele. Orodha ikatangazwa Accra, Ghana, mwezi wa Februari 2002. Basi haikuwa kura tupu, wala haikuwa amri ya wajuzi peke yao; watu walitaja, wazee wakaamua, kama lifanywavyo shauri la ukoo.

Katika vile kumi na viwili yumo Chinua Achebe na kile kitabu ambacho kwa Kiswahili kiliitwa Shujaa Okonkwo, kilichofasiriwa na Clement Ndulute mwaka 1973. Yumo Mariama Bâ wa Senegal, ambaye barua yake ndefu nayo imetiwa katika Kiswahili. Yumo Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya. Kimo hata kitabu kidogo cha watoto, cha Meshack Asare wa Ghana, cha kijana Sosu asiyeweza kutembea, ambaye siku bahari ilipofurika akajikokota akapiga ngoma na kuwaokoa watu wa kijiji chake. Na kwa hilo nawasifu waamuzi, maana wakubwa husahau upesi kwamba walijifunza kupenda vitabu wakiwa wadogo. Lakini cha Kiswahili katika kumi na viwili hakimo hata kimoja. Katika mia yumo marehemu Shaaban Robert, kwa utenzi wake wa Vita vya Uhuru, yaani vita vya 1939 hata 1945, ambao ulitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Nalisikia uchungu. Lugha isemwayo na mamilioni ya watu, kutoka Zanzibar mpaka Kongo!

Uchungu huo ulipotulia nikamtazama mtu mwingine aliyemo katika kumi na viwili, nikaanza kufikiri kwa namna nyingine. Huyo ni Thomas Mofolo wa Lesotho, aliyezaliwa mwaka 1876 na kufariki mwaka 1948. Alikuwa mwanafunzi wa misheni, akafanya kazi katika kiwanda cha kupiga chapa cha wamisionari wa Kifaransa huko Morija. Hadithi yake ya kwanza ilitolewa kidogo kidogo katika gazeti la misheni, gazeti la namna hii hii mlishikalo mkononi. Kisha akaandika Chaka, kwa Kisotho, habari za yule mfalme mkali wa Wazulu. Wamisionari hawakupatana juu yake. Wengine waliona mambo ya uganga yaliyomo yatawarudisha Wakristo nyuma. Andiko likakaa sandukuni miaka kama kumi na mitano, likapigwa chapa mwaka 1925. Sasa jiulizeni: kama katika mwaka 1920 watu wangeulizwa ni kitabu kipi bora cha Afrika, nani angalikitaja Chaka? Kilikuwapo, tena kilikuwa kizuri vile vile kama kilivyo leo, lakini hapakuwa na mkono uliokishika.

Siku ya kufungua kura zetu ilipofika, jambo hilo hilo nililiona kwa macho. Wazee walitaja Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotiwa katika Kiswahili mwaka 1929, na Hekaya za Abunuwasi. Watu wa makamo walitaja Kusadikika na Adili na Nduguze. Vijana waliopita sekondari karibuni walitaja Takadini, na Watoto wa Mama Ntilie, na Joka la Mdimu. Bibi mmoja alikuwa amesahau jina, akamwambia mjukuu wake aandike, "Kile chenye picha ya sungura juu ya kichuguu." Hakuna aliyejua ni kipi, tukakihesabu hivyo hivyo. Nikiitazama hesabu ile niliweza kusema kila aliyepiga kura alikaa darasani miaka ipi, kama mtu asomavyo umri wa mti katika mizunguko ya kisiki chake. Karibu kila mtu alikipenda kitabu alichopewa na mwalimu. Angalipenda nini kingine? Wengi wetu hapa, tangu tulipotoka shule, hatujapewa kitabu kingine.

Nikamwambia Mzee yule, "Mzee wangu, watu wamechagua katika vile walivyovijua." Akanijibu, "Na wale wa Accra je? Walichagua katika wasivyovijua?" Kweli, sikuwa na la kumjibu. Kikereketwa changu kilikuwa kitabu kimoja tu, ambacho hakuna aliyekitaja katika kijiji chetu, nami nikakitetea mbele ya kamati.

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, kisiwani katika ziwa kubwa lile lililo kaskazini ya mikoa yetu. Alisomeshwa na mapadre, akawa katekista, akajua lugha nyingi. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa lugha ya kwao ya Kikerewe, hadithi ndefu ya mume na mke wasiopata mtoto. Hakupata mtu wa kuipiga chapa. Miaka ikapita, viongozi wakaja wakaenda, uhuru ukapatikana, na andiko bado liko kwake. Hata katika uzee wake akalifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikalitoa kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Miaka 35 andiko lilingoja! Katika miaka hiyo yote hapana kura duniani ambayo ingaliweza kulichagua. Hata ndugu yetu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, riwaya yake iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 haikuwafikia wasomaji wa Kiswahili, kwa jina la Peponi, mpaka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya yeye kupewa Tuzo ya Nobel. Watu wa Sweden walimsoma kabla ya watu wa Unguja wasiojua Kiingereza.

Kamati ikabishana jioni nzima. Wengine walisema kununua kisichopigiwa kura ni kuwadhulumu waliopiga. Wengine wakasema vile vilivyopigiwa kura watu wamekwisha visoma, ya nini kuvinunua tena? Mzee wa alizeti ndiye aliyekata shauri: fedha igawanywe, sehemu kubwa inunue vilivyoshinda, maana watoto wa leo hawajavisoma, na iliyobaki inunue hicho cha Mwalimu. "Kama ni kibaya," akasema, "tutamrudishia Mwalimu jembe msimu ujao, alipe."

Nakala tuliyoipata ilikuwa kuukuu, mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa gunia. Tuliuziwa na mwalimu mstaafu. Tukaanza kuisoma kwa sauti Jumapili alasiri barazani mwa shule. Kwanza walikuja watu wachache, wengi wao watoto. Tulipofika pale ndugu za Myombekere wanapomtukana mkewe kwa ugumba, na baba yake anapokuja kumtwaa binti yake, wakaanza kuja wanawake. Tulipofika pale mume anapokwenda kuwabembeleza wakwe, akatozwa mitungi ya pombe ya ndizi, akahangaika kuipata, wanaume nao wakaja. (Habari za pombe zisiwakwaze, mwandishi anaeleza desturi za kale, wala hasifu ulevi.) Kwetu Unyaturu hatuna ndizi nyingi, lakini habari ya wakwe wagumu haikuhitaji kufasiriwa. Mzee wangu alicheka mpaka akafuta machozi. Wengi walidhani Myombekere ataoa mke mwingine, kama alivyoshauriwa na ndugu zake. Hakumwacha Bugonoka. Wakavumilia pamoja, wakatafuta dawa pamoja, hata wakapata mwana na binti.

Kuna mume na mke hapa kijijini, wana miaka mingi katika ndoa, wala hawana mtoto. Maneno wanayosemwa mnayajua, maana hata kwenu yapo. Walikuwa wakikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Jumapili ya sita mume akanijia baada ya watu kutawanyika, akasema, "Mwalimu, naomba kukiazima." Nikamwambia sheria ya kabati ni majuma mawili. Akaitika, akakifunga katika kitambaa cha mkewe, wakaenda.

Sasa ni mwezi wa tatu. Wengine wameuliza zamu yao, hata Mzee wa alizeti ameuliza mara mbili. Nimewaambia kitabu kinasomwa. Mama mmoja wa jirani yao ameniambia kwamba jioni husikia sauti ya mume akisoma ndani, taa ikiwaka, na mara nyingine sauti ya mke ikimrudisha nyuma, asome tena palipopita.