Niliombewa Kakesio, Mchumba Yuko Eldoret
Jamani, Januari 2008 sitaisahau. Nilikuwa Kakesio, Ngorongoro, na timu ya injili ya usharika wetu. Mchumba wangu Mkenya alikuwa kwao Eldoret. Redio ikatangaza kanisa la Kiambaa limechomwa moto, watu wakiwa ndani. Simu? Mtandao hakuna. Na tuliagana kwa ugomvi wa kijinga, eti bajeti ya harusi! Mama wa Kimaasai wakaniombea chini ya mgunga kwa lugha nisiyoijua, ila jina lake nililisikia. Siku ya nne nikadandia lori hadi Karatu. Akapokea: "Mpenzi, bado unataka keki ya ghorofa tatu?" Nikaangua kilio palepale stendi. Kibaki na Raila walitia saini Februari 28. Sisi Agosti, keki ghorofa moja.