Njia ya Kutoka Butembo Hata Beni

Katika mkoa wa Kivu ya Kaskazini, upande wa mashariki wa Kongo, kuna miji miwili ambayo Kanisa limeiunganisha kwa jina moja. Nchi hiyo ilifanywa Vikariati ya Beni mwaka 1938, ikawa jimbo mwaka 1959, na tangu mwaka 1967 jimbo hilo laitwa Butembo-Beni. Kati ya mji mmoja na mwingine ni kilometa 54 tu. Njia si ndefu. Walakini kijana aifuataye kwa macho yaliyofumbuka atajifunza mambo mengi juu ya imani na maisha ya kila siku. Haya, msomaji mpenzi, tufuatane.

Mji wa wachapa kazi

Butembo umejengwa juu ya vilima, na mstari wa Ikweta hupita kusini kidogo ya mji. Asubuhi kuna baridi, na ukungu hukaa mabondeni mpaka jua lipande. Wenyeji wengi ni Wanande, wajiitao pia Wayira, watu mashuhuri kwa kilimo na biashara. Vilima vyao hutoa maharagwe, viazi, vitunguu na kahawa. Kabla jua halijawa kali, njia za mji zimekwisha jaa pikipiki, akina mama wenye mizigo migongoni, na vijana wa chukudu. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili: kijana hukisukuma kwa jasho akipanda mlima, na akiteremka husimama juu yake. Aliyeona kazi hiyo hatasema kwamba vijana wote wa siku hizi ni wavivu.

Mapadri wa Shirika la Asumpsio walianza kazi katika nchi hii mwaka 1929, na mmoja wao, Henri Piérard, akawa askofu wake wa kwanza. Mwaka 1966 alifuatwa na mwana wa nchi, Emmanuel Kataliko, aliyekuwa na umri wa miaka 34 tu. Huyo aliliongoza jimbo kwa miaka 31. Barabara zilipoharibika na msaada wa serikali ulipokuwa mbali, hakusema kwamba mashimo ya njiani si kazi ya askofu. Aliwahimiza Wakristu wajitegemee, washirikiane, watengeneze njia zao wenyewe. Mwaka 1989 alianzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben mjini Butembo, ili vijana wapate elimu ya juu karibu na kwao.

Mwaka 1997 alifanywa Askofu Mkuu wa Bukavu. Kwa kuwa alisema wazi juu ya mateso ya watu, waasi waliotawala mji ule walimwondoa katika jimbo lake mnamo Februari 2000, wakampeleka uhamishoni Butembo. Aliruhusiwa kurudi Septemba, akafa huko Roma tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule. Twaona katika maisha yake kwamba sala na kazi ni ndugu wawili wa tumbo moja. Mwenye kusali kweli hataona aibu kushika jembe, wala hataogopa kusema kweli.

Msamaria asiyeshika mkono

Kila mtoto wa katekisimu ajua mfano wa yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi katika njia ya Yeriko. Watu wa hekaluni walimwona, wakapita kando; mgeni wa Samaria ndiye aliyesimama. Mfano huo uliandikwa upya katika njia hii ya Butembo na Beni.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia Mangina, mji mdogo karibu na Beni. Ugonjwa ulienea hata Beni, Butembo na Katwa, ukapita katika mkoa wa Ituri, wala haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Walikufa watu zaidi ya 2,200. Ebola hupita kwa kugusana: kumwosha maiti, kumfuta mgonjwa jasho, kumpakata mtoto mwenye homa. Yaani, ilipita katika yale yale ambayo upendo hutufundisha kuyatenda! Hata ndani ya Misa Takatifu watu waliacha kupeana mikono ya amani. Wakainamiana vichwa, wakasogea mbali kidogo, na amani ikapita vilevile. Kijana, shika neno hili: upendo una moyo, tena una akili. Pengine kumpenda jirani ni kumkumbatia; pengine ni kunawa mikono na kumwacha muuguzi aliyevaa mavazi ya kinga amhudumie.

Lakini palikuwa na ugonjwa wa pili, nao ulikaa katika ulimi. Wengine walisema kwamba Ebola ni uzushi, kwamba wageni wameileta ili wapate fedha. Kwa kweli watu wa huku walikuwa na sababu ya kuwa na mashaka, maana walikuwa wameteswa miaka mingi bila kusaidiwa, na ghafula wakaona magari mengi kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Walakini uvumi ulizaa hasira, na hasira ikazaa moto. Mnamo Februari 2019 vituo vya kuwatibu wagonjwa huko Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, Daktari Richard Mouzoko aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu kile kile cha Graben. Alikuwa mtu wa Kameruni, aliyeacha nchi yake kuja kupigana na ugonjwa wa wengine. Msamaria naye alikuwa mgeni.

Hata hivyo wema haukuzimika. Waliougua wakapona walikuwa na kinga mwilini, basi waliweza kukaa na watoto wadogo ambao mama zao walilazwa vituoni. Wengine wao walikuwa wamefiwa na watu wao wenyewe. Nao wakawapakata watoto wa wengine, wakawalisha, wakawabembeleza. Nani angewalaumu kama wangekwenda nyumbani kupumzika? Waliligeuza pigo lao kuwa msaada kwa wengine.

Maboya, mahali pa zamu

Tukitoka Butembo kuelekea kaskazini, kabla ya kufika mbali, twafika kijiji cha Maboya. Mnamo Oktoba 2022 watu wenye silaha walikivamia usiku, wakachoma moto hospitali yake. Humo alikufa Sista Marie-Sylvie Kavuke Vakatsuraki, mtawa wa shirika la Masista Wadogo wa Presentasio, ambaye alikuwa pia daktari. Mauti yalimkuta mahali pa kazi yake, karibu na wagonjwa.

Mwanafunzi anayefikiri kwamba utakatifu ni wa watu wa picha zilizotundikwa kanisani, na asimame kidogo hapa. Msichana aliyejifunza hesabu na sayansi kwa bidii, akapata udaktari, akautoa kwa Mungu na kwa wagonjwa wa kijiji: huo ndio wito. Daftari lako la shule laweza kuwa mwanzo wake.

Beni, nyumba ya wageni

Njia yateremka, joto laongezeka, migomba na miti ya kakao yaonekana. Siku ya anga safi milima ya Ruwenzori hujionyesha upande wa mashariki, na kilele chake chenye barafu chafikia meta 5,109. Nchi ni nzuri, lakini imelia sana. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya eneo la Beni vimeshambuliwa mara nyingi, hasa na kundi la ADF lililotoka Uganda, na maelfu ya watu wameuawa. Hata kanisa halikuheshimiwa. Jumapili ya tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka katika kanisa la parokia ya Emmanuel-Butsili mjini Beni, likawajeruhi wanawake wawili. Siku ile watoto wengi walitazamiwa kuja kupokea Kipaimara.

Waliokimbia vijiji vyao hawakupokewa wote katika kambi. Wengi walipokewa majumbani. Nyumba ya watu sita ikawa ya watu kumi na wanne. Sahani ya bugali na sombe ikagawanywa tena na tena. Kijana aliyekuwa na mkeka wake peke yake akalala na wageni wawili. Katika ule mfano wa Yeriko twamsifu Msamaria, na mara nyingi twamsahau mwenye nyumba ya wageni aliyempokea majeruhi, akamtunza siku zilizofuata. Beni imejaa watu wa namna hiyo.

Lakini hapo hapo kuna jaribu. Mkulima akimbiapo, kakao yake hubaki shambani, na wezi huivuna. Basi kijana hujiwa na gunia la bei rahisi, akaambiwa: nunua, usiulize. Afanyeje? Hakuna padre wala mzazi amwonaye. Hapo ndipo imani yake hupimwa, kuliko siku aliyojibu maswali yote ya katekista. Akinunua, amempora mara ya pili yule aliyekwisha porwa.

Tena kuna jaribu kubwa zaidi, nalo ni kulipiza kisasi: kumchukia kila mtu wa lugha nyingine, kumwita adui bila ushahidi. Kutaka haki ni halali, na kuidai ni wajibu. Bali chuki humfanya aliyedhulumiwa afanane na mdhalimu wake.

Vijana wapenzi, ninyi mlio mbali na njia hii, msidhani haiwahusu. Kila mmoja anayo njia yake: ya shuleni, ya sokoni, ya kisimani. Neno lisilo hakika, lisipite kinywani mwako. Mali isiyo na mwenyewe anayejulikana, usiitie mkononi. Mgeni aliyeketi mlangoni pako, usimpite kando. Na jioni, mnaposali Rozari nyumbani, watajeni ndugu zetu wa Butembo na Beni, wapate kulala usiku mmoja bila hofu, na kuamkia mashamba yao kwa amani.