Mkanda Niliouacha Mlangoni

Wahenga walinena kwamba mchelea mwana kulia, hulia yeye. Methali hiyo niliikariri kama amri ya gwaride, nikaitumia miaka mingi bila kujiuliza maana yake. Leo, nikiwa sajini mstaafu, nataka kuwasimulia wazazi wenzangu wenye sare jinsi nilivyoielewa vibaya.

Mwaka 2009 tulikuwa tukiishi Kibuli, katika kambi ya polisi, ndani ya kibanda cha bati cha mviringo, vile ambavyo Uganda huitwa "mama ingia pole". Humo tulilala watu watano, pazia moja likitutenga na watoto. Adhana ya magharibi ilipotoka msikiti wa kilimani, watoto walijua kwamba baba yu njiani, nao waliacha kucheza.

Kifunguamimba wangu alikuwa na umri wa miaka minane. Nilimlea kama kuruta. Nikirudi kazini alitakiwa kusimama wima, mikono ubavuni, aeleze aliyoyatenda tangu asubuhi. Akikosea, mkanda wa sare ulitoka kiunoni. Siku moja alipoteza fedha za mafuta ya taa. Nilimpiga hata mama yake akajitupa kati yetu akisema, "Baba watoto, huyu si mhalifu!" Nilimjibu kwamba hajui nidhamu. Majirani walisikia yote, maana bati halisitiri kilio. Asubuhi yake walinisalimu kama kawaida, tena wakamsifu mwanangu kuwa ana adabu, hana makelele.

Kumbe ukimya ule haukuwa adabu. Mtoto alirudia kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani, na kigugumizi kikamwanza. Kisha mwalimu wake aliniita, akanieleza jambo moja tu: "Mzee, kila ninapoinua mkono kuandika ubaoni, mwanao hufunika kichwa." Nilikuwa nimekwisha kukabili majambazi wenye silaha, lakini neno lile lilinilegeza magoti.

Nilimwendea askari mwenzangu, mama mmoja wa kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia. Alinieleza kwa lugha ya kazi yetu. "Afande, askari aliyeviziwa hasomi ramani, hutazama risasi inatoka wapi. Mwanao yu katika hali hiyo usiku na mchana."

Akanifafanulia kwamba hofu humwaga mwilini homoni za kumwandaa mtu kukimbia au kupigana. Hofu ikija na kupita, na mtoto akapata wa kumtuliza, haiachi dhara kubwa. Lakini ikija kila siku, tena kutoka kwa yule yule anayepaswa kumtuliza, ubongo ungali unakua hujizoeza vita: hukesha ukingoja hatari, na uwezo wa kukumbuka, kufikiri na kujizuia huweza kudhoofika. Ndiyo maana mtoto mmoja huzubaa darasani, na mwingine hugeuka mgomvi.

Sikuwa peke yangu. Uchunguzi wa kitaifa uliotangazwa Uganda mwaka 2018 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Wavulana 68 na wasichana 59 katika kila 100 walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini. Wasichana 35 na wavulana 17 katika kila 100 walikuwa wametendewa ukatili wa kingono. Mambo haya mawili yana uhusiano: mtoto amwogopaye baba kwa sababu ya fedha za mafuta ya taa, atathubutuje kumweleza habari za mtu mzima aliyemshika vibaya?

Jioni ile nilivua mkanda mlangoni, nikautundika msumarini kabla ya kuingia. Nilichuchumaa, nikamwomba mwanangu radhi. Hakujibu, aliutazama msumari. Ilipita miezi mingi, mkanda ukitundikwa kila jioni, kabla hajaanza kunisogelea. Kukojoa kulikoma kwanza, kigugumizi baadaye. Sasa ni mtu mzima, nasi twazungumza vema. Walakini akisikia viatu vizito nyuma yake, bado hunyamaza kidogo. Deni lile sijalimaliza.

Ndugu msomaji, sisemi mtoto aachwe ajilee. Methali haikutuamuru kupiga. Ilitukataza kuogopa kilio. Mtoto hulia pia anyimwapo asichostahili, au arudishwapo kuosha sahani alizoziacha chafu. Machozi hayo hayamvunji. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yakataza viboko shuleni, na shule zimeonyesha kuwa yawezekana. Wilayani Luwero, shule 42 za msingi zilichunguzwa. Mwishoni, katika zile zilizofundishwa njia nyingine za kurudi watoto, wanafunzi 31 katika kila 100 walisema wameumizwa na wafanyakazi wa shule wiki iliyopita. Katika zile ambazo hazijafundishwa walikuwa 49. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2015.

Basi yatupasa tuwazoeze watoto kusema, nasi tuwasikilize bila kupandisha sauti. Tuwafundishe kwamba mwili wao ni wao, na kwamba siri ya mtu mzima yenye kuwatisha haifai kufichwa. Na wewe jirani usikiaye kilio nyuma ya bati, usimsifu mtoto kwa ukimya wake. Bisha hodi. Ukishindwa, piga simu 116, ambayo hailipiwi. Laiti mmoja wa majirani zangu angebisha hodi usiku ule.